Mwambieni Mwenyewe

Leo nina jambo zito. Najua katika nyumba kadhaa zinazonisikia saa hii yuko mgonjwa wa saratani amelala chumba cha ndani, na redio imepunguzwa sauti ili asisumbuke. Kama yuko macho na ana hamu ya kusikiliza, basi iongezeni. Nitakayosema yanamhusu yeye kabla ya kumhusu mtu mwingine yeyote.

Daktari anayetibu saratani katika nchi zetu ameshazoea kuvutwa kando na mtoto wa mgonjwa, kwenye veranda ya wodi, na kuombwa: "Dokta, tunakuomba sana, mama asijue. Akijua presha itampanda, tutampoteza kabla ya siku zake." Anayeomba hivyo hana ubaya wowote, anampenda mama yake. Halafu wanarudi wote ndani, nyuso zimeshatengenezwa, mama anaambiwa ni vidonda vya tumbo tu, au ni uvimbe mdogo ambao dawa itauyeyusha. Mama anaitikia, "Alhamdulillahi," au "Mungu ni mwema," kisha anageukia ukutani. Mwili ule ni wake. Ameona magauni yanavyompwaya. Amewaona wajukuu wameitwa kutoka mbali na hakuna sikukuu wala harusi. Anajua, ila hataki kuwaumiza watoto, kwa hiyo naye anaficha. Nyumba nzima inatunza siri ambayo kila aliyemo anayo.

Na wakati yeye haambiwi kitu, maamuzi yanaendelea kupita. Aanzishiwe dawa nyingine za kemo au basi? Shamba liuzwe apelekwe India? Akizidiwa usiku akimbizwe chumba cha mahututi, au abaki kitandani kwake? Yote hayo yanaamuliwa juu yake na watu wazima wa afya, wengine hawajamwona mwaka mzima. Hilo ndilo ninalolipinga leo, na ninalipinga kwa moyo wote. Maisha yanayoamuliwa ni yake, na anayestahili kusema neno la kwanza ni yeye.

Tutazame kwanza ukubwa wa jambo lenyewe. Kwa makadirio ya wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 Tanzania ilipata wagonjwa wapya wa saratani zaidi ya 44,000, na waliofariki kwa saratani walikuwa zaidi ya 29,000. Hesabu za Kenya kwa mwaka huohuo zinakaribiana sana na hizo. Ukienda Taasisi ya Saratani Ocean Road, pale ufukweni Dar es Salaam, kwenye majengo ambayo Wajerumani waliyafungua kuwa hospitali mwaka 1897, utakuta wagonjwa wengi wamefika ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne. Wamepitia dawa za kununua dukani, wamepitia kwa mganga, wamepitia maombi, wamezungushwa na rufaa kutoka zahanati hadi mkoa. Kwa wengi wao siku ya kwanza ya kliniki ya saratani tayari ni siku ya kuzungumzia kuishi na ugonjwa usiopona. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba mazungumzo haya yasubiri mwisho.

Watu huyazungumza maamuzi haya kana kwamba njia ni mbili tu, kutibu au kuacha. Ukikaa karibu na wagonjwa utaona ziko njia nyingi, na kila moja inapimwa peke yake.

Chukua saratani ya umio, njia ya chakula. Upande huu wa Afrika, kuanzia Ethiopia kushuka hadi kusini, saratani hii imetuandama kuliko sehemu nyingi za dunia, na Bonde la Ufa la Kenya wanaijua vizuri sana. Mgonjwa huanza kukwamwa na ugali, kisha uji, kisha maji, na mwishoni hata mate yake mwenyewe hayashuki. Anakaa na kopo la kutemea mchana na usiku. Hospitali ya Tenwek kule Bomet imejijengea uzoefu mkubwa wa kuweka kijimrija cha nyaya laini ndani ya umio, kinachotanuka na kufungua njia. Saratani inabaki palepale. Lakini mtu aliyekuwa anatema mate koponi anakunywa uji tena na wanawe. Tiba ya namna hiyo, hata kama aliyebakiwa na miezi michache ni baba yangu, ningesema ndiyo bila kusita, akikubali mwenyewe.

Au chukua saratani iliyoingia kwenye mifupa, ya tezi dume au ya titi. Maumivu yake hayana mfano. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba kupigwa mionzi mara moja tu, kwa kipimo kimoja kikubwa, kunatuliza maumivu hayo karibu sawa na kupigwa siku nyingi mfululizo. Kwa mkazi wa Upanga, hapo Dar es Salaam, tofauti hiyo ni ndogo. Kwa mzee aliyetoka Kigoma au Tunduru ni tofauti ya kulala wiki kadhaa kwenye nyumba ya wageni mjini akihesabu fedha, na kurudi nyumbani kwake wiki hiyohiyo. Mzee anayejua hali yake anaweza kuuliza: dokta, inawezekana mara moja? Asiyejua atauliza nini?

Halafu kuna maamuzi magumu kweli. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na ikichelewa hubana mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo. Figo zinajaa, sumu inapanda kwenye damu, na mgonjwa asiyefanyiwa kitu huanza kusinzia, usingizi unazidi, anaondoka. Daktari anaweza kupitisha mirija mgongoni, moja kila upande, mkojo utokee nje kwenye mifuko. Kama mionzi bado inaweza kumsaidia, mirija ile inamnunulia muda wa kutibiwa, na ni haki yake kuipata. Lakini kama mionzi na kemo zimekwisha kushindwa, mirija ileile inaweza kumwondoa kwenye usingizi uliokuwa unamjia taratibu na kumrudisha kwenye harufu, kutokwa damu na maumivu ya neva za kiuno, ambayo ni makali mno. Hapo hakuna jibu linaloweza kuandikwa kitabuni kwa wote. Mmoja atasema, niwekeeni, binti yangu anajifungua mwezi ujao nataka nimwone mtoto. Mwingine atasema, imetosha. Wote wawili wako sawa, kwa sharti kwamba wameambiwa kinachoendelea.

Na kemo je? Hapa ndipo fedha nyingi zinapokwenda na ndipo kutoelewana kulipo kukubwa, hata katika nchi tajiri. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani walichapisha majibu ya wagonjwa waliokuwa wanapata kemo kwa saratani ya mapafu au ya utumbo mpana iliyokwisha sambaa mwilini. Kemo ile ilikuwa ya kurefusha maisha na kupunguza dalili. Kuponya haikuweza kutarajiwa. Asilimia 69 ya wagonjwa wa mapafu na asilimia 81 ya wagonjwa wa utumbo hawakuonyesha kulielewa hilo. Hawa ni watu wa nchi yenye madaktari tele na fomu za ridhaa za kurasa nyingi. Miaka mitatu baadaye, utafiti mwingine wa huko ulifuatilia wagonjwa katika miezi yao ya mwisho. Waliokwisha dhoofu, kemo haikuwaongezea nafuu. Waliokuwa bado na nguvu zao na wakapewa kemo, wiki yao ya mwisho ilikuwa mbaya kuliko ya wale ambao hawakupewa. Ndiyo maana daktari mzuri, kabla ya kuandika dawa, huuliza mgonjwa anashindaje. Mtu anayekaa kitandani zaidi ya nusu ya saa zake za mchana, mara nyingi kemo itamdhuru kuliko kumfaa. Familia inayomwona daktari anaacha kuandika kemo isidhani imepuuzwa kwa sababu ya umaskini wake.

Kuna jambo moja linalowashangaza wengi. Mwaka 2010, hospitali moja kubwa ya Boston iliwagawa wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyosambaa katika makundi mawili. Kundi moja lilipata matibabu ya kawaida. La pili lilipata hayohayo, pamoja na kuonana mapema na watu wa tiba shufaa: wataalamu wa kutuliza maumivu, kichefuchefu na hofu, na wa kuzungumza na mgonjwa juu ya anachokitaka. Kundi la pili lilikuwa na nafuu zaidi ya moyo, wachache zaidi kati yao walibebeshwa matibabu mazito siku za mwisho, na waliishi kwa wastani miezi 11.6 dhidi ya 8.9 ya wenzao. Yaani waliotulizwa na kuzungumza wazi juu ya wanachokitaka hawakufa mapema. Ile hofu ya "akijua atakufa kabla ya siku zake" haikupata ushahidi pale.

Msikilizaji wa Kenya atakumbuka Februari 2019, Ken Okoth, mbunge wa Kibra, alipojitokeza kusema kwamba ana saratani ya utumbo mpana, imefika hatua ya nne, na kwamba amekwisha kuelezwa haiponi. Alifariki Julai 26 mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 41. Katika siasa zetu, ambamo kiongozi akiugua husemwa amekwenda kupumzika, lilikuwa jambo kubwa mtu kusimama na kutaja hatua ya ugonjwa wake kwa kinywa chake. Aliweza kwa sababu aliambiwa.

Sasa tuje kwenye kikao cha familia, maana mimi sisemi kiondolewe. Kikao ni nguvu yetu. Mgonjwa wa Ulaya anaweza kubaki na karatasi yake na mwanasheria wake. Wa kwetu ana kaka, shangazi, wakwe, watoto wa marehemu dada yake, na wote watakuja. Tatizo ni nani mwenye neno ndani ya kikao. Mara nyingi neno linakuwa la mwenye fedha. Kijana aliye Muscat, au London, au Dallas, anapiga simu: "Msikate tamaa, mpelekeni hospitali kubwa, nitatuma." Anasema kwa uchungu wa kuwa mbali. Dada aliyebaki, anayemgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya kulalia, anayejua kwamba jana alikataa hata juisi, anaogopa kusema "imetosha" asije akaonekana amechoka kuuguza. Nawaomba wenye simu za mbali: kabla ya kutuma maagizo, ongeeni na anayeuguza. Halafu ombeni simu ipelekwe sikioni kwa mgonjwa mwenyewe.

Na hizo fedha. Tunachanga kwa moyo, hilo ni pambo letu. Tutachangia tiketi ya kwenda Chennai. Tutachangia jeneza, gari la kusafirisha mwili, turubai, viti na chakula cha waombolezaji mamia. Lakini nionyeshe kundi la WhatsApp lililofunguliwa kwa ajili ya godoro zuri, nauli ya muuguzi kuja nyumbani mara mbili kwa wiki, nepi za watu wazima, na posho ya yule binti aliyeacha kibanda chake cha mboga ili amuuguze mama. Mwezi wa mwisho wa mgonjwa nyumbani hauna kamati. Nasema wazi kwamba tumekosea hapo. Sehemu ndogo ya fedha za msiba ingempa mtu mwezi mzima wa kulala pakavu na bila maumivu, akiwa hai wa kushukuru.

Wengine watauliza, na dini je? Kusimamisha matibabu si kumwingilia Mungu? Swali hili naliheshimu. Kumuua mgonjwa, hata kwa huruma, ni kosa la jinai Tanzania na Kenya, na dini zetu zote zinalikataza, silo ninalolizungumza. Kuacha tiba isiyofaa tena ni jambo jingine. Kwa Wakatoliki, Papa Pius wa 12 aliwaeleza madaktari tangu mwaka 1957 kwamba mtu halazimiki kutumia njia zisizo za kawaida kurefusha uhai, na kwamba dawa za kutuliza maumivu makali ni halali hata ikihofiwa zinaweza kufupisha maisha. Kwa Waislamu, imo katika Hadithi sahihi habari ya mwanamke aliyekuwa na kifafa, aliyemwendea Mtume kumwomba dua. Akapewa hiari: asubiri na malipo yake ni Pepo, au aombewe apone. Akachagua kusubiri, ila akaomba jambo moja, kwamba anapoanguka mwili wake usifunuke. Akaombewa hilo. Mimi huirudia habari hii kila ninapoona mgonjwa anaamuliwa mambo yake. Alielezwa, akachagua mwenyewe, na alichokiomba kilikuwa sitara yake. Ni wagonjwa wangapi wa saratani ya mlango wa kizazi wangeomba hilohilo tu, wasitiriwe, wasinuke, wageni wapunguzwe, kama kuna mtu angewauliza?

Mgonjwa anayejua hali yake hupata pia nafasi ya mambo ambayo imani yake inamtaka ayafanye. Ataandika wosia, atalipa deni au kuomba asamehewe, atapatana na ndugu waliyenuniana naye, atapokea Mpako wa Wagonjwa akiwa na fahamu, au atakuwa na mtu wa kumlakinia shahada kwa utulivu. Aliyefungwa mashine ya kupumulia na kulazwa usingizi wa dawa, nyuma ya mlango wenye saa za kuona wagonjwa, hayo yote yanampita.

Sasa nizungumzie maumivu, maana hakuna anayeweza kuamua lolote akiwa anapiga kelele. Dawa ya maumivu makali ya saratani ni mofini, na ya kunywa ni rahisi mno kuitengeneza: unga wa mofini, maji safi, kihifadhi, na rangi ya kutofautisha nguvu yake. Uganda walituonyesha njia. Daktari Anne Merriman, mzaliwa wa Liverpool aliyekuwa amefanya kazi Nairobi Hospice, alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala mwaka 1993 kwa mofini ya maji ya namna hiyo, akiwafuata wagonjwa majumbani. Mwaka 2004 Uganda ikaruhusu wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa waandike mofini wenyewe, kwa sababu kijijini daktari hayupo. Huo ni uamuzi wa serikali wenye akili na huruma, na kila nchi ya kwetu ingepaswa kuuiga. Maana mwaka 2017 kamisheni ya jarida la The Lancet ilieleza kwamba katika tani karibu 300 za dawa za jamii ya mofini zinazosambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa zinapata kilo 100 tu. Watu wetu wanakufa wakilia kwa kukosa dawa ya bei ndogo.

Na hata pale ilipo, tunaiogopa. Tunaambiana mofini ni dawa ya kumalizia mtu. Haimalizi. Ikianzwa kidogo na kupandishwa kwa mpango, mgonjwa anasinzia siku mbili tatu za mwanzo, kisha anaamka, anaongea, anakula kidogo. Inafunga choo, kwa hiyo ni lazima iandamane na dawa ya kulainisha. Hunywewa kila baada ya saa nne, bila kusubiri maumivu yarudi. Hofu ya uteja isimnyime mtu mwenye saratani inayomla mifupa.

Neno juu ya siku zile za mwisho kabisa, kwa sababu zinawatisha wanaouguza. Mgonjwa akiacha kula, msimlazimishe kijiko. Mwili unaofunga kazi zake hauombi chakula, na dripu nyingi wakati huo hujaza maji miguuni na mapafuni, pumzi ikawa nzito zaidi. Lowesheni midomo kwa pamba yenye maji. Sauti ya makohozi kooni inawaumiza mnaoisikia kuliko yeye. Na moyo ukisimama kwa sababu saratani imefika mwisho wake, kumkandamiza kifua karibu kamwe hakumrudishi, kunavunja mbavu. Hilo nalo mgonjwa anaweza kulisema mapema: siku ikifika msinikandamize kifua, kaeni na mimi. Nchini Kenya, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inampa mgonjwa haki ya kuelezwa hali yake kwa lugha anayoielewa na haki ya kukataa matibabu. Iwe mbele yenu siku mnapoongea na daktari.

Kwa hiyo kesho, ukimpeleka mgonjwa wako kliniki, muulize kwanza yeye: ungependa kujua kiasi gani? Yuko atakayesema, nielezeni yote. Yuko atakayesema, mwelezeni mwanangu, mimi sitaki kusikia. Huyo naye ameamua, aheshimiwe. Kisha muulizeni daktari mkiwa pamoja: tiba hii ni ya kuponya, au ya kupunguza makali? Itampa muda gani, na muda huo ataushinda wapi, nyumbani au kwenye foleni? Tusipoifanya, mtamsaidiaje asiumie? Daktari akijibu haraka haraka, mwombeni arudie. Na kabla hamjatoka pale, ulizeni mofini ya maji. Mkiambiwa haipo, ulizeni inapatikana hospitali gani, nani anayeruhusiwa kuiandika, na siku gani mje. Msiondoke bila jibu.